Angara wa Pakwach

Nimekulia Sahare, mlango wa tatu toka mnadani,
na kwetu samaki wa maji baridi huitwa tope.
Si tusi. Ni jina tu,
kama paka anavyoitwa paka.

Ndiyo maana Shekue alipokanyaga breki Pakwach,
lori limelemewa vigae vya kwenda Arua,
akasema, "Hapa tunakula samaki,"
nikamjibu mimi nitakula ndizi.

Kibanda chenyewe: mabati, meza yenye mguu wa tofali,
kalenda ya mwaka juzi, ndoo ya bluu ya kunawia.
Afoyorwoth alitoka jikoni, magamba yamemganda viwikoni,
wala hakuniuliza nakula nini.
Aliuliza, "Kichwa au mkia?"

Nikataka kwanza kumwona.
Akanipeleka uani. Ndani ya beseni, chini ya jani la mgomba,
angara watano, wembamba, weupe kama vijiko vipya,
mmoja bado anafumbua mdomo
kama aliyesahau alichotaka kusema.
"Wametoka mtoni kabla ya basi la kwanza."
Nikabonyeza jicho, bibi alivyonifunza.
Nikafunua matamvua: mekundu.
Nilitafuta kasoro kwa bidii ya karani wa forodha.
Sikuipata.

"Elfu sita, na ugali humo humo."
Nikapiga hesabu, shilingi hii kwa shilingi ile,
nikarudia, nikidhani nimedondosha sufuri njiani.
Kwetu siku hizi changu akitoka tu majini
ana mwenyewe hotelini;
sisi tuliozaliwa naye
tunamsindikiza kwa macho.

Basi akaja. Mchuzi wa ufuta uliosagwa,
mzito, rangi ya mbao iliyorandwa jana,
na ugali wa muhogo na wimbi,
mweusi, unaovutika, unaoshika vidole kama mtoto sokoni.
Angara ana miiba mingi kuliko maswali ya Mutukula.
Unakula kwa adabu, ulimi unapekua,
mazungumzo yanakatika yenyewe.
Shekue, ambaye tangu Masaka hakufunga mdomo,
alinyamaza robo saa nzima.

Nilikuwa nimefika kichwani
Afoyorwoth aliposimama karibu na meza, mwiko mkononi.
"Ati kwenu maji yana chumvi?"
"Ndiyo."
"Yote?"
"Yote."
"Hata ya pale ukingoni?"
"Hata ya ukingoni."
Akafikiri. Mchuzi ukadondoka kutoka kwenye mwiko,
tone moja, tone la pili, kuku akawahi.
"Basi chumvi ya kupikia hamnunui."

Nikasema tunanunua.

Alinitazama kwa huruma ambayo sijawahi kutazamwa nayo,
hata siku nilipofiwa.
Fundi baiskeli wa meza ya pembeni akacheka mpaka akapaliwa,
ikabidi apewe tonge kavu asukumie mwiba.
Nami nikajaribu kueleza: bahari ni kubwa, lakini samaki,
yaani chumvi iko, ila ndani ya nyama...
Nikakwama.
Miaka arobaini na mbili nalala nikiisikia ile bahari,
na hapa, mbali nayo hivi,
ndipo mtu wa kwanza ananiuliza habari zake,
nami sina jibu.

Akaniongezea mchuzi. Bure.
Kama mgonjwa.

Honi ya Shekue ililia mara tatu.
Nililipa, nikanawa, mikono ikakataa kuachana na ufuta.
Tukalipa kisogo daraja na askari wake wenye bunduki,
vigae vinagongana nyuma,
Nile imekaa kimya kulia, pana, haina chumvi hata chembe.

Nikirudi Sahare wataniuliza nilikula nini huko bara.
Nitasema ndizi.

Mwiba mmoja ulibaki kwenye gego mpaka Nebbi.
Kijiti cha meno kilikuwa mfukoni.
Sikukitoa.